Uzito wa Ndoo ya Kuchora

Ukitaka kuupima ufundi wa mtu anayetengeneza katuni, usianze na sura. Sura nzuri wengi wanaziweza; mitaani kwetu kuna vijana wanaochora nyuso kwa penseli mpaka unataka kuzisalimia. Tazama miguu inavyokanyaga. Tazama mhusika anavyokaa kitini, anavyoinuka, anavyopokea mzigo. Hapo ndipo utajua kama mbele yako kuna mwili, au kuna picha inayosukumwa kutoka upande mmoja wa kioo kwenda mwingine.

Kazi hii naifanya jioni, shughuli za kutwa zikishaisha, kwenye laptopu ya kawaida, kwa kuipenda tu. Hakuna anayenilipa wala anayeisubiri. Katika yote niliyowahi kujifunza kwa hiari yangu, sijakutana na jambo jingine linalomfunza mtu kutazama kama hili. Ndiyo maana nataka kuusifu uhuishaji kwa kuingia ndani yake, fremu kwa fremu, kwa sababu sifa ya jumla haimtendei fundi haki.

Kila mwanafunzi huanza na mpira unaodunda. Ukisomea chuo cha Ulaya, ukijifunza kwa video za YouTube ukiwa Morogoro, ukifungua kitabu cha Richard Williams cha mwaka 2001 ambacho wahuishaji hawakikosi mezani, utaukuta huo mpira unakungoja. Duara moja na mstari mmoja wa ardhi. Wengi hulipita zoezi hili mbiombio ili wafike kwenye majoka na wapiganaji. Naona wanajinyima, kwa sababu karibu kila kitu kinachokuja baadaye kimo humo.

Sinema huenda kwa picha 24 kila sekunde. Shika mpira kwenye kimo cha mita 1.2, hapo kifuani, kisha uuachie. Utafika chini kwa nusu sekunde, yaani fremu 12. Mtu ambaye hajawahi kuutazama mpira atakigawa kimo hicho katika sehemu 12 zilizo sawa, na mpira wake utashuka kama lifti ya ghorofa. Mpira wa kweli hauna mwendo huo. Katika fremu 6 za kwanza hushuka sentimita 30 tu. Sentimita 90 zilizobaki huzimaliza katika fremu 6 za mwisho. Ukiiweka michoro yote 12 kwenye karatasi moja, utaiona imebanana juu na kuachana chini. Katika kule kubanana na kuachana ndimo uzito unamokaa.

Halafu unadunda, na hapo mambo yananoga. Duara lile lile ukilipa mdundo wa juu, kisha wa chini kidogo, kisha wa chini zaidi, mtazamaji ataona mpira wa ngozi uliojaa upepo. Ukilipa mdundo mmoja mfupi na kulinyamazisha papo hapo, mtoto yeyote aliyecheza chandimu atakwambia huo ni mpira wa matambara uliofungwa kamba. Ukiliacha lishuke taratibu likiyumba pembeni, ni puto. Hujabadilisha rangi, hujaongeza mstari wala kivuli. Umegawa muda kwa namna nyingine, basi. Nililiamini jambo hili nilipolifanya kwa mkono wangu, na mpaka leo bado linanishangaza.

Wengi hudhani kompyuta ndiyo inayofanya kazi yote. Inafanya nyingi, kweli. Katika programu kama Blender huuweki mpira kwenye kila fremu. Unaweka mapozi makuu: fremu ya 1 mpira uko juu, fremu ya 13 uko chini. Kilicho katikati kompyuta hukijaza yenyewe. Ukiiachia ijaze itakavyo, italainisha kila mwanzo na kila mwisho. Mpira utaondoka juu taratibu, vema. Lakini ukikaribia ardhi utapunguza mwendo na kutua kwa upole, jambo ambalo hakuna mpira uliowahi kulifanya. Kompyuta haina kosa. Haijui kama ulichoipa ni mpira, pazia au kope za jicho.

Kwa hiyo unafungua grafu. Kuna mstari unaoonyesha kimo cha mpira kadiri muda unavyokwenda, na mstari huo unatakiwa uwe wa mviringo kule juu na uwe na ncha kali pale unapogusa ardhi. Unavishika vishikio vyake kimoja kimoja, unakivuta hiki, unakikunja kile, unachezesha, unarudi tena. Mkunjo ukilala zaidi kileleni, mpira unaning'inia hewani muda mrefu kuliko inavyostahili. Ukibanwa mno, mpira unaonekana umepigwa kibao kuelekea chini. Mtu akishaizoea grafu huusoma mwendo kwa macho kabla hajauchezesha. Atakwambia hapa kuna kusita, hapa kuna papara, kama vile msomaji mzoefu anavyojua mahali pa kuvuta pumzi.

Haya hayakuanza na kompyuta. Lotte Reiniger, mwanamke wa Kijerumani, alianza mwaka 1923 na kumaliza mwaka 1926 filamu ya Mwanamfalme Achmed, iliyotokana na visa vya Alfu Lela Ulela. Aliifanya kwa mkasi. Watu, farasi na majini walikatwa katika karatasi nyeusi, viungo vyao vikashikizwa kwa waya, wakalazwa juu ya kioo chenye taa chini yake. Kisha wanasogezwa kidogo, wanapigwa picha, wanasogezwa tena. Ndiyo filamu ndefu ya uhuishaji iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani. Leo anayemwekea mhusika wake mifupa ndani ya kompyuta anaurudia ufundi wa mama yule: bega liko wapi, kiwiko kinakunjika kuelekea wapi, kifundo kikivutwa kinaondoka na nini. Nimewahi kuutazama mkono mmoja wa filamu ile, sauti ikiwa imezimwa, kwa muda mrefu kuliko ninavyotazama filamu nzima za siku hizi. Ni kivuli tupu, hakina jicho wala mdomo, na bado unajua mwenye mkono huo anasihi.

Norman McLaren, Mskochi aliyefanya kazi zake kubwa katika Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, alishikilia kwamba kinachotokea kati ya fremu moja na nyingine kina maana kuliko kilichomo ndani ya fremu yenyewe. Aliyekwenda kujifunza kwake ni Moustapha Alassane wa Niger, mmoja wa waanzilishi wa uhuishaji barani Afrika. Mwaka 1966 Alassane alitoa filamu fupi ya rais chura anayekwenda ziara ya kiserikali. Vyura aliwapenda, na ukiwatazama unaona kwa nini. Mwili wa chura ni somo zima la kujiandaa: anajikunja, anatulia, kisha anaruka. Bila ule utulivu wa katikati, mruko unakuwa ajali. Wahuishaji wa Disney wa miaka ya 1930 waliliweka hilo katika kanuni zao, na wawili kati yao, Frank Thomas na Ollie Johnston, wakaja kuziandika zote 12 katika kitabu chao cha mwaka 1981. Kanuni zenyewe mtu anazisoma kwa jioni moja. Kuziona katika mwili wa binadamu ndiko kunakochukua miaka.

Mimi nilikwenda kuzitafuta bombani.

Nilikuwa nataka kumhuisha mama anayejitwika ndoo ya maji. Ni tendo ambalo tumeliona tangu tukiwa mgongoni, na kwa sababu hiyo hiyo hatulioni. Ukimwambia mtu alichore bila kulitazama, atachora ndoo ikipanda kwa mstari mmoja kutoka chini hadi kichwani. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji. Hakuna mwili unaopandisha kilo 20 kwa mstari mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nikurekodi ukijitwika ndoo. Nataka kuchora."

"Kujitwika ndoo nako kunachorwa?"

Alikubali. Akajitwika mara moja kwa mwendo wake, kisha akaitua na kujitwika tena polepole ili nione vizuri. Nilimshukuru kwa zote mbili, lakini ile ya pili haikufaa kwa kuchora, na sababu yake inafundisha. Mtu akiinua polepole anatumia nguvu nyingine kabisa. Mikono inafanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na miguu na mkupuo. Na maji hayapunguzi mwendo kwa sababu aliyeyabeba amepunguza. Mwendo ukiugusa kasi yake, umekuwa mwendo mwingine.

Hii ndiyo ya kwanza, nilivyoiona nilipoirudisha fremu kwa fremu. Ngata iko kichwani tayari. Miguu imeachana, mmoja umetangulia kidogo. Anainama kwa magoti, mkono mmoja kwenye mshikio, mwingine kwenye kitako cha ndoo. Kabla ya kuinua chochote anaitingisha ndoo kidogo sana, ukipepesa jicho huoni: anaiuliza uzito wake. Kisha mwili wote unashuka kidogo. Unashuka! Anataka kwenda juu na anaanza kwa kwenda chini. Ndipo ndoo inapoondoka ardhini, na haiendi kichwani. Inakwenda pajani na kupumzika hapo. Paja ni kituo. Pale kwenye kituo kidevu kinaingia ndani, pumzi inashikwa, mkono wa kitako unabadilisha mshiko. Kisha magoti yanashuka tena na kusukuma, na ndoo inapanda kwa upinde ikipita mbele ya kifua. Wakati huo huo kichwa kinakwenda kuilaki. Hili sikulitarajia. Ndoo haipandi mpaka juu ya kichwa; kichwa kinaingia chini ya ndoo, na vinakutana njiani.

Inapotua, shingo inakuwa fupi. Mabega yanashuka, magoti yanabonyea mara moja, halafu mwili wote unapanda na kunyooka. Kwa macho ya kawaida tendo limekwisha. Lakini mama akiwa amekwisha kunyooka na kutulia kabisa, maji ndiyo kwanza yanafika ukingoni, yanamwagika kidogo upande wa kushoto, yanarudi. Mkono hauiachii ndoo mpaka maji yatulie. Pindo la khanga linafika mwisho kuliko vyote.

Kuchelewa huko kwa maji na kwa pindo ndiko kunakomwambia mtazamaji kwamba ndoo ina kitu ndani. Ndoo yangu ya kuchora haina hata tone. Kilichomo ni bluu niliyoimwaga kwa kubofya mara moja. Uzito wake wote umejengwa kwa mambo matatu: kushuka kabla ya kupanda, kusita pale pajani, na maji kuchelewa kufika. Ukiziondoa fremu za kusita, ndoo inakuwa ya maboksi. Ukizizidisha, mama anakuwa mgonjwa. Kati ya maboksi na ugonjwa kuna fremu chache sana, na fundi ndiye anayejua ni ngapi. Kwa maelezo ya maneno hufiki. Unaongeza moja, unatazama, unaitoa, unatazama, na saa ya ukutani inaendelea na mambo yake.

Nilipokuwa naondoka bombani mama alinipa jambo moja zaidi. Alikuwa ameitazama video kwenye simu yangu, akacheka, akasema: "Mtu hatazami ndoo, mwanangu. Anatazama anakokwenda." Nikairudisha nikaona ni kweli. Ndoo ilipoondoka pajani macho yake yalikuwa yamekwisha kuiacha, yako njiani tayari, na kichwa kikayafuata, na mwili ukakifuata kichwa. Macho hutangulia. Vitabu vya uhuishaji vinalisema hilo, lakini yeye alilisema akiwa na kilo 20 kichwani.

Watu huniuliza gharama, na jibu linanifurahisha kila mara. Programu ya Blender ni bure, kwa haki kamili. Mholanzi Ton Roosendaal aliianza mwaka 1994. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilipofilisika mwaka 2002, watumiaji walichangishana euro 100,000 katika wiki 7 ili msimbo wake uachiwe huru, na mwezi Oktoba mwaka huo ukaachiwa. Kwa wanaopenda kuchora kwa mkono kuna Krita, ambayo ilipata sehemu ya uhuishaji mwaka 2016, na kuna OpenToonz, iliyotokana na programu iliyokuwa ikitumiwa na Studio Ghibli ya Japani. Hizo nazo hazina bei. Zinakuonyesha kwa rangi hafifu mchoro uliotangulia na ule unaofuata, ili ujue mstari wako mpya unatoka wapi; zamani kazi hiyo ilihitaji meza ya kioo yenye taa na mrundo wa karatasi. Na asiye na kompyuta ana simu. FlipaClip inamtosha kabisa kwa mpira unaodunda, kwa kidole, kwenye daladala.

Subira inahitajika zaidi kwenye kurenda, pale kompyuta inapozitoa picha za mwisho. Kipande cha sekunde 10 ni picha 240. Kila picha ikichukua dakika moja, hiyo ni saa 4 za kompyuta kuunguruma peke yake, na umeme ukikatika katikati utashukuru kama uliagiza picha zihifadhiwe moja moja badala ya kutoa video nzima kwa mkupuo. Nalitaja kwa ufupi, kwa kuwa kusubiri mashine si ufundi. Subira ya fundi iko pale anapotazama.

Upande wetu huu wa Afrika subira hiyo ipo, na matunda yake yameonekana. Mwaka 2010 Nairobi ilitoa Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyotengenezwa na Homeboyz Animation kwa ajili ya watoto wa Uingereza na kwingineko, kwa mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga. Nawahusudu waliopewa kazi ile. Mnyama wa Tingatinga amechorwa atulie: tumbo la mviringo, madoa yaliyopangika, shingo iliyopinda vizuri ndani ya ubao. Kumpa mnyama huyo hatua bila kumvunjia umbo lake ni mtihani, kwa sababu kila kiungo unachokikunja kinataka kuyasogeza madoa. Dar es Salaam nayo, tangu mwaka 2014, inatoa Ubongo Kids, na kizazi kizima cha watoto kimekua kikijifunza hesabu kutoka kwa wahusika wanaozungumza Kiswahili. Raymond Malinga wa Uganda alimchukua Kalabanda, zimwi linalotishiwa wanafunzi wa bweni, akamtengenezea filamu mwaka 2017. Miaka 6 baadaye alikuwa katika mkusanyiko wa Kizazi Moto ulioonyeshwa na Disney+, pamoja na Ng'endo Mukii wa Kenya. Filamu ya Mukii ya mwaka 2012, Yellow Fever, inahusu ngozi na wanawake wanaofundishwa kuichukia ngozi yao. Amechanganya humo miili ya watu halisi na michoro, na penye uchungu zaidi mwili unakwenda kwa kukatika-katika, fremu zimerukwa makusudi, mpaka wewe mtazamaji unasikia kutokaa sawa katika ngozi yako. Yaliyo kati ya fremu yametumika pale kuuliza swali zito.

Kwa mtu wa jioni kama mimi, jina linalorudi mara kwa mara ni Gints Zilbalodis wa Latvia. Mwaka 2019 alitoa filamu ya dakika 75, Away, aliyoifanya peke yake kwa miaka mitatu na nusu: wahusika, mwanga, kamera, hata muziki. Ukiitazama unaona mipaka ya mtu mmoja. Nyuso hazina mengi, watu ni wachache, hakuna anayezungumza. Lakini unaona pia alipoamua kuziweka nguvu zake: kwenye mwendo wa pikipiki ikikata kona, kwenye ndege mdogo anayejifunza kuruka, kwenye zimwi kubwa jeusi ambalo haliongezi hatua hata siku moja, na linatisha kwa sababu hiyo. Alipopata timu na fedha alitengeneza Flow, kwa Blender ile ile ya bure, na mwezi Machi 2025 ikapewa Oscar ya filamu ndefu ya uhuishaji. Ni paka, mbwa na wanyama wengine ndani ya jahazi, wala hakuna neno la binadamu hata moja. Paka yule akitaka kuruka hutazama kwanza, hurudisha makalio nyuma, huyatikisa, husita, kisha huenda. Na mara nyingine hughairi. Kule kughairi kulinipa raha kuliko mafuriko yote ya filamu ile. Aliyekuwa na haraka asingekiweka kitu kisichotokea.

Siku hizi unaweza kuiandikia kompyuta sentensi ikakupa paka anayeruka, na wapo wanaoniuliza kwa nini nahangaika. Sihangaiki. Video ya namna hiyo haitanifundisha kwamba kichwa huenda kuilaki ndoo. Ninachokitaka ni yale macho ninayokuwa nayo asubuhi yake, nikipanda daladala na kumwona kondakta akining'inia mlangoni kwa mkono mmoja, nikajua nyonga yake imehamia wapi ili asianguke.

Katika kazi ya yule mama wa ndoo, sasa nimefika kwenye midomo. Chati za maumbo ya mdomo zinazosambaa kwa wanafunzi, zile alizozieneza Preston Blair, Mmarekani aliyewahi kuhuisha kwa Disney, zilitengenezwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili mengi yanakuwa mepesi. Irabu ni tano, kila moja ina umbo lake wazi, na karibu kila silabi huishia kwa mojawapo, hivyo kinywa kinafunguka kwa mpigo unaohesabika. Midomo hukutana kwa m, b na p. Meno hugusa mdomo kwa f na v. Herufi nyingi zilizobaki hutengenezwa ndani, mtazamaji hazioni, na ukizihangaikia mdomo utatapatapa ovyo.

Ugumu uko kwenye maneno kama mtu, mbwa, mti. Ile m ni silabi nzima, tena ndiyo inayobeba mkazo. Mkazo unaangukia mahali ambapo kinywa kimefungwa! Anayefuata mazoea atafungua mdomo penye nguvu ya sauti, na hapo hapo mhusika wake ataacha kuwa Mswahili. Inabidi midomo ifungwe na ishikiliwe, na nguvu ya neno ihamie kwingine: kwenye nyusi, kwenye kidevu, kwenye kichwa kinachoshuka kidogo. Nilimsimamisha dada yangu mbele ya simu akiyasema maneno hayo kwa hasira, kwa upole, kwa kubembeleza. Akiwa na hasira, midomo ilibanwa mpaka ngozi ya pembeni ikakunjana. Kwa kubembeleza, ilikutana tu.

Mama wangu wa ndoo atasema yale yale aliyoniambia bombani. "Mtu hatazami ndoo, mwanangu." Nimeipa m ya kwanza fremu 5 za midomo iliyofungwa, nyusi zikianza kupanda kwenye fremu ya 2. Picha imetangulia sauti kwa fremu moja, kwa sababu jicho hupenda kuona kabla sikio halijasikia. Silabi ya tu imepata fremu 3. Neno "ndoo" lina o mbili zinazovutwa. Nimeona nisiuache mdomo umeduara muda wote, bali uanze kulegea kwenye o ya pili, wakati macho yamekwisha kwenda mbele. "Mwanangu" bado. Pale katikati kuna ng inayofungia nyuma ya kinywa, midomo haina kazi, na sitaki kinywa kibaki wazi bila sababu. Nadhani tabasamu lianzie kabla yake kidogo, kwenye silabi ya na, upande mmoja kwanza, kama fremu 4 kabla ya mwingine.